Okidi si Ua la Udongoni

Jioni hii nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi habari za ua moja ambalo wengi wetu wa pwani tumelipita njiani mara nyingi pasipo kulitazama, nalo ni okidi. Nataka kuwaeleza jinsi mtu wa mjini, mwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba yake, au mwenye roshani tu katika ghorofa, awezavyo kulea okidi kubwa yenye harufu nzuri hata ichanue mwaka kwa mwaka. Sitatumia majina ya kitaalamu ila pale inapolazimu, wala sitawaomba mnunue vitu vya gharama.

Yafaa nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikikaa Kariakoo, na siku moja nikamwona kijana kando ya barabara akiuza mmea mkubwa uliong'olewa mtini. Ulikuwa na mashina mengi marefu ya rangi ya manjano, mfano wa miwa myembamba, na juu yake maua ya manjano yenye madoa ya hudhurungi. Nikaupenda, nikaununua. Nilipofika nyumbani nikachukua debe, nikalijaza udongo mweusi na samadi, nikaupanda humo, nikawa naunywesha maji asubuhi na jioni kama nilivyozoea kufanya kwa mchicha. Wiki ya kwanza maua yakaanguka, nikasema hiyo ndiyo desturi ya maua. Wiki ya nne majani yakageuka manjano. Kabla miezi miwili haijatimia, mashina yalikuwa yamelegea kama ndizi zilizooza.

Palikuwa na mzee mmoja upande wa Magogoni, ambaye maisha yake yote alifanya kazi ya bustani. Nikaubeba mmea wangu mpaka kwake, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?" Akauvuta kutoka katika debe, akainusa mizizi, akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Mwanangu, umemzika mtu aliye hai." Nilidhani anafanya mzaha. Lakini neno lile moja ndilo elimu yote ya kulea okidi, na mazungumzo yangu ya leo ni kulifafanua tu.

Jamii ya okidi ni kubwa mno. Wataalamu wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 25,000 duniani. Hata vanila, ile itiwayo katika maandazi na vinywaji, ambayo wakulima wa Kagera na wa Uganda huilima, ni tunda la okidi itambaayo. Katika jamii hiyo zipo okidi ziotazo ardhini, kama zile za nyanda za juu za Kitulo. Lakini zile nitakazozieleza leo huota juu ya miti au juu ya mawe. Mzizi wake haukuumbwa kuingia udongoni. Umevikwa ganda jeupe lililo laini kama sifongo, nalo hunywa maji ya mvua na umande mara moja, kisha hukaushwa na upepo. Ukiufukia mzizi huo katika udongo mzito wenye maji, hukosa hewa, huoza, na mmea hufa kwa kiu ingawa umesimama ndani ya maji. Hiyo ndiyo maana ya neno la mzee.

Labda mmoja wenu atasema, "Basi okidi hunyonya mti kama kirukia." La, sivyo. Kirukia hutia mizizi yake ndani ya mti na kuchukua chakula chake. Okidi haichukui kitu. Mti ni kiti chake tu. Chakula chake hutoka katika vumbi, majani makavu yaangukayo, na maji ya mvua yatiririkayo juu ya gome. Kwa hiyo asiye na shamba asidhani kwamba ua hili si lake. Okidi yenyewe haina shamba.

Sasa, okidi zipi? Nitawatajia mbili za nchi yetu. Ya kwanza ni ile niliyoiua. Jina lake la kitaalamu ni Ansellia africana, nasi tuiite okidi chui kwa sababu ya madoa yake. Huota katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kusini, juu ya miti mikubwa. Ikikaa sana mahali pamoja huwa fungu kubwa lenye mashina mengi, na katikati yake mizizi myembamba myeupe husimama ikielekea juu kama sindano, ili kunasa majani yaangukayo. Harufu yake si kali, lakini maua yake ni mengi na hukaa siku nyingi.

Ya pili ndiyo malkia wa harufu. Jina lake ni Angraecum eburneum, na ile ya pwani yetu huitwa giryamae, kwa kuwakumbuka Wagiriama wa pwani ya Kenya. Huota juu ya miti na juu ya mawe ya matumbawe, tangu pwani ya Kenya mpaka pwani ya Tanganyika ya zamani, na Unguja pia. Majani yake ni marefu, manene, yamepangwa huku na huku kama ukindu. Maua yake hupangana katika safu moja juu ya kikonyo kirefu. Yana rangi ya kijani hafifu, na sehemu moja pana nyeupe kama kombe la pwani. Mchana waweza kulinusa ua hili ukaona kama halina neno. Subiri jua lichwe. Usiku ukiingia harufu hujaa nyumba nzima.

Watu wa pwani hawatastaajabu, maana wanajua tabia ya asumini, ambayo mama zetu huitunga vikuba jioni. Ua linukialo usiku lina mgeni wake wa usiku. Mgeni wa okidi hii ni nondo mkubwa mwenye ulimi mrefu. Nyuma ya ua pana mkia mwembamba, na mwisho wa mkia huo pana asali. Nondo huufuata mnuko gizani, na akinywa asali hubeba chavua na kuipeleka katika ua jingine. Mwaka 1862 bwana mmoja mtaalamu wa Uingereza, Charles Darwin, aliandika habari za okidi ya Madagaska, ndugu wa hii yetu, ambayo mkia wake hukaribia urefu wa futi moja. Akasema hapana budi yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Darwin alifariki mwaka 1882 kabla ya kumwona. Nondo yule alikuja kuandikwa katika vitabu mwaka 1903. Basi kila ua lina sababu ya umbo lake, na mwenye kulea maua hujifunza kuuliza sababu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni mahali pa kuikalisha. Njia iliyo bora kwa mwenye uwanja ni kuifunga juu ya mti au juu ya gogo. Mwembe ni mti mzuri sana kwa kazi hii, kwa kuwa gome lake lina mikwaruzo na halibanduki. Usichague mpera wala mkaratusi, kwa maana miti hiyo huambua gome lake, na okidi itaanguka pamoja nalo. Weka mmea juu ya gome, tandika usumba kidogo chini ya mizizi, kisha funga kwa kamba ya usumba au kwa kitambaa kirefu, pasipo kuinyonga. Mmea usitikisike, maana mzizi mchanga ukisuguliwa huvunjika. Ikiisha kushika yenyewe, nawe waweza kuifungua.

Mkaaji wa ghorofani asiye na mti atafute chungu cha udongo chenye matundu mengi, au kikapu cha vipande vya mbao vilivyoachana. Ndani yake asitie udongo hata kidogo. Atie vipande vya mkaa vya ukubwa wa yai la kuku, na vigae vilivyovunjika, na vipande vichache vya makumbi ya nazi. Mchanganyiko wa sehemu tatu za mkaa na vigae kwa sehemu moja ya makumbi wafaa sana katika hewa ya Dar es Salaam. Vitu hivi vyote hupatikana katika mitaa ya Kariakoo kwa bei ndogo, na mara nyingine bure. Makumbi yalowekwe siku tatu au nne, na maji yabadilishwe kila siku, ili kuondoa chumvi na ile rangi nyekundu. Tena yakianza kuoza, yaani baada ya miaka miwili hivi, yatupwe na kuwekwa mengine.

Jambo la pili ni mwanga. Okidi hizi mbili hupenda mwanga mwingi, lakini jua kali la saa saba huunguza majani. Roshani inayotazama mashariki ni bora, kwa kuwa hupata jua la asubuhi na hupata kivuli mchana. Mwenye roshani ya kaskazini akumbuke kwamba jua humjia zaidi katikati ya mwaka, wakati wa kusi. Na mwenye roshani ya kusini humjia mwezi wa Desemba na Januari. Jani lenyewe litakuambia. Likiwa la kijani kilichokoza sana na kulegea, mmea unataka mwanga zaidi. Likiwa la kijani chenye umanjano kidogo, liko sawa. Likipata bato jeusi lililokauka, limeungua. Sogeza mmea kivulini. Okidi chui hustahimili jua kuliko mwenzake.

Jambo la tatu, nalo ndilo liuasalo okidi nyingi kuliko maradhi yote, ni maji. Usimwagilie kwa kufuata saa wala kalenda, tazama mzizi. Mzizi mkavu ni mweupe, mzizi uliolowa ni wa kijani. Ukiwa mweupe, mwagilia mpaka maji yatiririke chini. Ukiwa bado wa kijani, iache. Okidi iliyofungwa juu ya gogo, wakati wa joto la kaskazi, huenda ikataka maji kila siku. Ile ya chunguni itatosheka kwa mara mbili au tatu katika juma. Wakati wa masika, mwezi wa Machi mpaka Mei, ya chunguni isogezwe chini ya paa, maana mvua ya siku kumi mfululizo huiozesha. Mwagilia asubuhi, ili majani yakauke kabla ya usiku. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, na chumvi huchoma ncha za mizizi. Ukionja maji ukayaona ya chumvi, usiipe okidi.

Tena sikilizeni sana jambo hili. Usiweke kisahani chenye maji chini ya chungu. Kwanza, mizizi itaoza. Pili, maji yale yaliyotuama ni nyumba ya mbu wa homa ya dengi, iliyowasumbua watu wengi wa mji huu mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Ua la kufurahisha nyumba lisiwe sababu ya kuleta ugonjwa nyumbani.

Jambo la nne ni chakula. Okidi hula kidogo. Ukiwa na samadi iliyokauka vizuri, iloweke ndani ya maji, uchuje kwa kitambaa, kisha uzimue mpaka yawe na rangi ya chai hafifu. Wape mizizi maji hayo mara moja kila majuma mawili wakati mmea unapochipua, na katikati uisuuze kwa maji matupu. Ukitumia mbolea ya dukani, tumia robo ya kipimo kilichoandikwa. Okidi chui, mashina yake mapya yakiisha kukomaa, inataka kupumzishwa: punguza maji kwa muda wa wiki kadhaa, kama vile kiangazi kinavyoifanyia porini, nayo italipa kwa maua. Wengi hulalamika kwamba mmea wao una afya lakini hauchanui. Kwa kawaida sababu ni mbili, mwanga mchache na maji yasiyokoma.

Jambo la tano ni adui zake. Wako wadudu wadogo wenye gamba, na wengine weupe kama unga, wajifichao chini ya majani. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na rudia baada ya juma moja. Ukiona sisimizi wengi wakipanda na kushuka, chunguza, maana sisimizi huwalinda wadudu hao kwa ajili ya utamu wao. Konokono hula vitumba na ncha za mizizi. Toka usiku na taa, uwaokote kwa mkono. Sehemu ikioza na kuwa nyeusi, ikate kwa kisu kilichopitishwa motoni, kisha paka unga wa mdalasini penye kidonda. Mdalasini hukausha, basi usiutie juu ya mizizi mizima.

Sasa nimefika katika jambo la mwisho, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Okidi utaipata wapi? Jibu jepesi ni kuinunua kwa kijana wa barabarani, kama mimi. Lakini hebu tuangalie gharama yake. Tunda moja la okidi lina mbegu maelfu kwa maelfu, nyepesi kama vumbi. Mbegu hizo hazina akiba ya chakula ndani yake, na porini haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu maalumu wa kuzilisha. Katika maelfu hayo, labda moja itapata mahali. Ikiota, itachukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Fungu kubwa kama lile nililolinunua mimi huenda lilikuwa na umri kama wangu. Mtu aliliangusha kwa panga kwa dakika chache, nami nikaliua kwa miezi miwili.

Tena misitu yenyewe inapungua. Milima ya Pugu na Kazimzumbwi, jirani na mji wetu, imepoteza miti mingi kwa ajili ya mkaa tupikiao. Mti mkubwa ukianguka, viumbe vyote vilivyokaa juu yake huanguka nao. Jina la Magogoni latukumbusha magogo, na wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Mmea mmoja kwa huyu, mmea mmoja kwa yule, na mwisho msitu huwa kimya usiku, hauna ua wala nondo. Ndiyo sababu mataifa mengi yalipatana, kwa mkataba ulioanza kutumika mwaka 1975, kwamba okidi za porini zisivushwe mipaka pasipo kibali. Na katika misitu ya hifadhi kung'oa mmea bila ruhusa ni kosa.

Basi tufanye nini? Njia iko, nayo ni ya zamani kuliko maduka: ni njia ya kugawana. Fungu la okidi chui likijaa chungu, ligawanye mwanzo wa kuchipua, kila kipande kiwe na mashina matatu au zaidi. Okidi nyeupe ya pwani hutoa machipukizi shinani. Chipukizi likiisha kuwa na mizizi yake lenyewe, likate kwa kisu safi umpe jirani. Na mwenye kununua, amwulize mwuzaji wa miche: umeiotesha wewe, au imetoka porini? Mmea ulioletwa kutoka porini huonekana: mizizi yake imekatwa, imeshika vipande vya gome, na majani yake yana makovu ya jua na upepo. Ukiuona hivyo, uuache. Ukiwa tayari umeangushwa na mti uliokatwa, na mwenye mahali akaruhusu, hapo kuuokota ni kuuokoa.

Mzee yule wa Magogoni hakunigombeza siku ile. Alikwenda nyuma ya nyumba yake, akarudi na kipande cha okidi yake mwenyewe, mashina matatu tu, akakifunga juu ya gogo la mwembe mbele ya macho yangu. Akasema, "Sikuuzii. Ikijaa, wape watu wawili, nao uwaambie hivyo hivyo." Nilingoja miaka miwili na zaidi. Mwaka wa tatu likatoka shada la kwanza, nikambebea kuja kumwonyesha. Akacheka, akasema, "Sasa umejifunza kutoipenda mno."

Mzee amekwisha kutangulia mbele ya haki. Lakini okidi yake ingali hai. Iko kwangu, iko kwa majirani zangu wawili, na mmoja wao amekwisha kumgawia dada yake ng'ambo ya maji, Kigamboni. Kila ichanuapo mahali pamoja, twapelekeana habari.

Mabibi na Mabwana, wakati wangu umekwisha. Mkisahau yote niliyosema, kumbukeni haya matatu: usiizike, usiizamishe, wala usiitoe porini. Usiku mwema. Kwaherini.